Meza moja, watoto watatu: kufundisha wadogo nyumbani hapa Goma

Mzazi akianza kufundisha nyumbani, wiki haiishi kabla hajampa kila mtoto jina. Huyu ni wa macho, yule ni wa masikio, huyu mdogo ni wa mikono, hakai. Kisha anaandaa masomo matatu kwa watoto watatu, na ikifika Jumatano amechoka kuliko mwalimu wa kalasi ya watoto sitini.

Kazi hiyo haina faida. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, wakiongozwa na Harold Pashler, walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu mambo haya ya macho na masikio. Hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba mtoto anashika vizuri zaidi akifundishwa kwa njia ya "aina" yake. Watoto wana mapendeleo yao, hilo halina ubishi. Lakini anayependa kusikiliza hatajua kusoma bila kutazama herufi, na anayependa kushika vitu hatajua kuhesabu bila kutamka namba.

Tofauti zinazoonekana mezani ni nyingine. Mtoto anavumilia dakika ngapi? Mwili wake unataka kukaa au kusimama? Akiwa peke yake anahesabu kwa lugha gani? Akikosea anafanya nini? Ukijua majibu ya haya manne, somo linabaki lile lile kwa wote. Unabadilisha urefu wake, mahali pa kukaa, na namna mtoto anavyokuonyesha kwamba ameshika.

Wiki ya kutazama

Kabla ya kununua chochote, chukua kaye (daftari) moja, gawa ukurasa kwa majina ya watoto, na kwa siku tano usifundishe jambo gumu. Wape kazi ndogo: kuchagua maharage, kupanga vijiko, kuchora, kusikiliza hadithi. Wewe andika.

Dakika hesabu kwa saa, usikisie. Angalia saa mtoto anapoanza, kisha angalia tena anapoinua kichwa mara ya kwanza bila sababu. Hiyo ndiyo pumzi yake. Kwa wa miaka minne huwa dakika nne au tano tu kwa kazi ambayo hakuichagua mwenyewe. Somo lake lipange liishe kidogo kabla ya pumzi hiyo kukatika. Wazazi wengi wanafanya kinyume: wanaongeza muda ndiyo mtoto azoee. Anachozoea ni kukaa mezani huku akili iko barabarani kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Lugha isikilize akicheza peke yake. Hapa mtoto anaweza kusema na bibi yake Kihunde, Kinande, Mashi au Kinyarwanda, acheze na jirani kwa Kiswahili, na ajue wimbo wa namba kwa Kifaransa bila kujua maana yake. Lugha anayotumia akigawa mandazi na mdogo wake ndiyo ya kuanzia hesabu. Kuna wazazi wanaoona aibu kuanza na Kiswahili, eti kinamrudisha mtoto nyuma. Sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 yenyewe inatambua lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Kifaransa kitakuja, tena kitakuja haraka zaidi kikikuta mtoto anajua kusoma tayari.

Kuhusu kukosea, utaona sura tatu. Kuna anayeficha karatasi au kulia. Kuna anayejibu kabla swali halijaisha, akikosea anatupa jibu lingine, na lingine. Na kuna anayekutazama usoni, si kwenye karatasi, akisubiri nyusi zako zimwambie. Huyu wa tatu ndiye anayedanganya wengi. Anaonekana mtulivu na mwerevu, na miezi mitatu inaweza kupita bila wewe kujua kwamba anasoma uso wako.

Kusoma: silabi kumi na tano za kwanza

Kiswahili kina bahati: irabu tano, kila moja na sauti moja, na silabi nyingi zinaishia kwa irabu. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita anayefanya kazi kila siku, hata kwa muda mfupi, anaweza kusoma maneno mapya baada ya miezi michache. Lakini bahati hiyo ina mtego wake, tutaufikia.

Anza na a, i, u, e, o peke yake mpaka mtoto azitambue zikiwa zimechanganywa, si kwa kuziimba kwa mfuatano. Kisha chukua konsonanti tatu tu: m, t, k. Ukiziunganisha na irabu tano unapata silabi kumi na tano, na hizo kumi na tano zinajenga maneno ambayo mtoto anayo tayari mdomoni: mama, moto, mate, miti, kuku, kiti, kaka, kamata, tikiti, hata makuta. Usiongeze herufi ya nne mpaka maneno hayo yasomeke bila kukwama.

Vifaa havina gharama. Kata karto ya sabuni au ya biskuti vipande vya sentimita sita kwa nne, andika silabi moja kwa kila kipande kwa herufi ndogo, na ziwe mbili-mbili, maana huwezi kuandika "mama" au "kuku" kwa kadi moja ya kila silabi. Andika kwa biki nene au kwa makala (mkaa) iliyochongwa, halafu pitisha mshumaa juu ili isifutike.

Somo lenyewe ni dakika kumi. Mbili za kwanza unaonyesha kadi tatu za jana, mtoto anatamka. Tatu zinazofuata ni silabi mpya moja au mbili: unaitamka, anaitamka, anaipitisha kidole, anaitafuta katikati ya kadi nane. Dakika tatu ni za kujenga maneno juu ya meza. Mbili za mwisho ni imla: unasema neno, naye analiandika kwenye ardwazi (kibao cha chaki). Ukiangalia vizuri, masikio, macho, mdomo na mikono vyote vimefanya kazi, kwa kila mtoto. Hakuna aliyeachiwa kiungo kimoja.

Sasa mtego. Kwa sababu ba-be-bi-bo-bu inaimbika, mtoto anaiimba. Anapita mstari mzima akipepesa macho dirishani, na wageni wanapiga makofi. Mpime hivi: mwandikie maneno yasiyo na maana yoyote, "tiku", "kemo", "kumati", "mikeko". Akiyasoma, anasoma kweli. Akisema "kamata" mbele ya "kumati", anakisia kwa herufi ya kwanza na urefu wa neno. Rudi kwenye kadi, funika neno kwa kidole gumba, mfungulie silabi moja baada ya nyingine. Picha nazo ziondoe kwa muda. Kitabu chenye picha ya kuku juu ya neno "kuku" kinamfundisha kutazama kuku.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo vitabu vya Dar es Salaam au Nairobi havitakwambia. Mtoto wa Goma anasema "mutoto", "batoto", "mukate". Kitabu kinaandika "mtoto", "watoto", "mkate". Mtoto akitazama "watoto" na kusoma "batoto", usimkate kalamu. Ameona neno, ameelewa, amelitamka kwa lugha ya nyumbani. Hilo ni kosa la msomaji, si la mkisiaji. Mwambie tu: sisi tunasema batoto, kitabu kinasema watoto, tazama herufi ya kwanza. Kwa "mkate" mpigie makofi silabi: m-ka-te, makofi matatu, na makofi ya kwanza ni ya m peke yake, mdomo umefungwa. Akiandika "mukate" kwenye imla mwezi wa kwanza, acha ipite. Mwezi wa tatu anza kusahihisha.

Na l na r. Nyumba nyingi hapa hazizitofautishi, na mtoto anaandika anavyosikia: "kura" badala ya "kula". Kumwambia "sikiliza vizuri" ni bure kama wewe mwenyewe unazitamka sawa. Mpe jozi za maneno ayaone kwa macho: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Aweke ulimi: kwa l ncha inakaa nyuma ya meno, kwa r inatetemeka. Jozi moja kwa wiki inatosha.

Herufi zilizobanana, mb, nd, ng, ny, mw, kw, zije mwishoni, na kila moja ije kama kitu kimoja kwenye kadi moja. Ukimwambia mtoto "m halafu b", atasoma "mubuzi" kwa "mbuzi". Na b na d zitagongana kwa karibu kila mtoto hadi miaka saba hivi, hilo si ugonjwa. Usizifundishe wiki moja. Acha majuma matatu au manne kati yao.

Yule asiyekaa afanye somo hili akisimama. Tawanya kadi sakafuni umbali wa hatua nne, mwite silabi, aikimbilie, airudishe, aitamke. Mkimya anayetazama uso wako mgeuzie mgongo: kaa nyuma yake wakati anasoma, asione nyusi. Anayejibu haraka mpe sheria moja: jibu linatoka baada ya kidole kufika mwisho wa neno. Somo ni moja, kadi ni zile zile.

Kifaransa kinaanza pale mtoto anaposoma maneno ishirini ya Kiswahili asiyoyajua, bila msaada. Kiwe kwenye kaye nyingine, na ikiwezekana biki ya rangi nyingine, kwa sababu herufi zile zile zinabadilisha sauti. Mtoto akiona "lune" atasoma lu-ne, na kwa Kiswahili yuko sahihi kabisa. Anza na "ou", maana sauti yake anayo tayari, ni u yetu: cou, mou, roue. Baadaye ndipo ije u ya Kifaransa: aseme i ndefu, kisha avute midomo kama anayepuliza mshumaa bila kusogeza ulimi. Rue, mur, lune. Ile e ya mwisho isiyotamkwa ipigie mstari mwepesi wa penseli mpaka azoee kuiruka. Na ch: kwetu ni "chaki", kwao ni kama sh ya "shati". Ukitaka kumwonyesha kwamba Wabelgiji walituachia njia yao ya kuandika sauti yetu, mwandikie jina la mkoa wa Tshopo: tsh yake ndiyo ch yetu.

Hesabu: pale thelathini na tano inapokuwa 305

Kusanya vizibo mia moja vya chupa. Mwenye duka la vinywaji atakupa bure ukiomba Jumatatu asubuhi. Vioshe kwa maji ya moto, na vile vyenye ukingo mkali vigonge kwa jiwe. Kama kuna mtoto chini ya miaka mitatu nyumbani, vizibo na maharage vikae juu, kwa sababu vitaishia mdomoni au puani.

Kosa la kwanza ni la mkono na mdomo kutokwenda pamoja. Mtoto anasema "tano, sita, saba" huku kidole kimepita vizibo viwili tu. Kumwambia "polepole" hakusaidii. Mwambie atoe kila kizibo upande wa kushoto akiweke ndani ya gobele (kikombe) ya chuma. Mlio wa kizibo ndiyo namba. Asipotia, hasemi. Baada ya siku chache mkono na mdomo vinaelewana, kisha rudi mezani bila gobele.

Kumi akishazijua, funga vijiti kumi kwa lastiki na uite "kumi". Hapa Kiswahili kinatusaidia: kumi na moja, kumi na mbili, jina lenyewe linamwambia mtoto kuna fungu na kijiti kimoja. Lugha ya mtaani inakwenda mbali zaidi, makumi mbili, makumi tatu, na hiyo ni hesabu safi kuliko ishirini na thelathini. Itumie bila haya mpaka mtoto aelewe mafungu, kisha mpe majina ya kitabu. Kifaransa kinaficha: onze, douze, treize, hadi seize, hakuna kumi inayosikika ndani yake. Mtoto aliyeanza kuhesabu kwa Kifaransa anaimba hadi vingt vizuri na hajui kwamba quinze ni kumi na tano. Kwa bahati tulirithi septante (sabini) na nonante (tisini), si soixante-dix ya Ufaransa. Ukimwekea mtoto video za Kifaransa kutoka Paris, mwandae kwa hilo, la sivyo atakuja na majina mawili ya sabini na kuamini kwamba moja ni kosa.

Sasa lile kosa linalowakasirisha wazazi: unasema thelathini na tano, mtoto anaandika 305. Kwake amesikia thelathini, akaandika 30. Akasikia tano, akaandika 5. Dawa yake ni kadi za kufunika. Kata kadi tisa za upana wa sentimita nane, andika 10, 20, 30 hadi 90, kila tarakimu ikijaza sentimita nne. Kata nyingine tisa za sentimita nne, za 1 hadi 9. Mtoto anachukua kadi ya 30, anachukua ya 5, anailaza juu ya sifuri. Anaona 35, anainua 5, sifuri bado ipo chini. Afanye namba sita kwa siku, kila moja na mafungu yake ya vijiti pembeni. Siku nyingine muulize: sifuri imeenda wapi? Jibu lake litakwambia kama ameshika.

Noti za 100, 200, 500 na 1 000 ni kitabu cha hesabu kinachojieleza, ila zije baada ya mafungu ya vijiti, si kabla. Noti ya 500 haionyeshi mia tano ndani yake. Ni karatasi tu. Maji nayo: bidoni (jerikani) ya lita 20 ijazwe kwa bidoni ya lita 5, mtoto achore alama moja kwa kila mara. Zinapofika nne, kuzidisha kumeanza bila kutaja neno hilo. Hii inafaa sana kwa asiyekaa, ila asibebe ile kubwa. Ikijaa ina kilo ishirini.

Kusoma saa kuache hadi miaka saba. Mtoto wetu ana saa mbili kichwani, ya Kiswahili na ya Kifaransa, na tofauti ni sita: saa mbili ya asubuhi ndiyo huit heures. Mfundishe moja mpaka aishike kabisa.

Mkono

Wengi wanafikiri mtoto mvivu wa kuandika ana tatizo la kichwa. Mara nyingi ni vidole tu. Kuchambua majani ya sombe, kuondoa mawe kwenye maharage, kukamua nguo ndogo, hayo yote yanatengeneza vidole kabla ya penseli. Penseli yenyewe ikate vipande vitatu. Kipande cha sentimita tano au sita hakina nafasi ya kushikwa kwa ngumi, kinalazimisha gumba, kidole cha shahada na cha kati.

Ardwazi kubwa ni rahisi: tripleksi ya sentimita 60 kwa 40, isugue kwa karatasi ya msasa, paka rangi nyeusi isiyong'aa mara mbili, iache siku mbili, kisha pitisha chaki bapa juu nzima na uifute kabla ya kuandika mara ya kwanza, vinginevyo maandishi ya kwanza hayafutiki. Kuna wanaosaga mawe ya redio (betri) yaliyokwisha ili kupata weusi. Usifanye hivyo. Ule unga una kemikali zenye sumu, na watoto watafuta kwa mkono kisha wale. Kuandika juu ya mawe yetu ya volkano nako hakufai kwa herufi, yanatafuna chaki. Kwa kuruka namba kwenye ua, sawa.

Anayetumia mkono wa kushoto mwache na mkono wake. Kinachohitaji kurekebishwa ni kaye: iwe kushoto kidogo mwa kifua chake, kona ya juu kushoto ikipanda ili ukurasa uelekee kulia, na penseli aishike sentimita tatu hivi juu ya ncha aone anachoandika. Mezani akae upande wa kushoto kabisa, ndiyo asigongane viwiko na ndugu yake. Nusu ya ugomvi wa meza unaisha hapo.

Mpangilio wa asubuhi

Mdogo aanze. Wa miaka minne hawezi kusubiri, naye akimaliza dakika zake tano za kadi na tano za vizibo atacheza kwa amani. Ukianza na mkubwa, mdogo atavunja masomo yote mawili. Wakati huo mkubwa wa miaka minane anakili mistari mitatu au anafanya hesabu anazoziweza tayari. Kazi ya peke yake isiwe kamwe jambo jipya. Kwa jumla, nusu saa kwa wa miaka minne ikiwa imekatwa vipande, saa moja na kidogo kwa wa sita, saa mbili kwa wa nane. Zaidi ya hapo ni kuonekana mnasoma.

Mkubwa amsomee mdogo hadithi, hiyo inawafaa wote. Lakini asifanywe mwalimu wa kila siku. Dada mkubwa ndiye anayetwishwa, na kaye yake ndiyo inayobaki tupu.

Imla na kusoma kwa sauti viwe mapema. Katika miezi ya mvua, mvua ikianza kupiga mabati hakuna anayesikia tofauti ya b na d, na kupaza sauti kunawatia watoto woga. Mvua ni wakati wa kuchora, kunakili na vizibo. Masomo ya nje ni mazuri, lakini kwa wanaokaa magharibi mwa mji, kuelekea Sake, msiweke mkeka bondeni wala kwenye shimo alfajiri kabla upepo haujaanza. Mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala chini, na mtoto mfupi ndiye anayeivuta kwanza.

Tabia, na vile ambavyo si tabia

Anayelia akikosea mnyang'anye kifutio. Kosa lipigwe mstari mmoja, jibu liandikwe pembeni, basi. Kifutio kinamfundisha kwamba kosa ni uchafu, na atatoboa karatasi. Wewe pia kosea kwa makusudi mara moja kwa somo, ubaoni, akukamate. Anayeuliza "ni hivi?" baada ya kila herufi mpe kazi ya mistari miwili na mwambie utakuja mwishoni tu. Siku ya kwanza atavumilia mstari mmoja.

Ila kabla ya kumwita mtoto mkaidi, pima. Simama nyuma yake umbali wa mkono, azibe sikio moja, nong'ona maneno matatu ayarudie, kisha sikio la pili. Tazama kama anasogeza kaye karibu na pua, anakunja macho akitazama ubao, au anageuza kichwa kusikia upande mmoja. Sikio linalotoa maji na jicho linalokwepa vinapelekwa kituo cha afya, havipewi mazoezi. Vivyo hivyo mtoto aliyekuwa anajua silabi na sasa amezisahau: angalia usingizi, homa na chakula kabla ya kulaumu somo.

Begi kando ya mlango

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku, na siku tano baadaye mitaa kumi ikaamriwa kuhama. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa COVID, na mwishoni mwa Januari 2025 zilifungwa kwa vita. Masomo ya nyumbani hapa lazima yaweze kuondoka nyumbani.

Begi moja dogo, lisilozidi kilo tatu, libebwe na mtu mzima. Ndani: kadi za silabi zikiwa kwenye pakiti ya nailoni, mafungu ya vijiti na lastiki zake, kadi za kufunika, ardwazi ndogo moja ya mkono, chaki, penseli fupi sita, wembe wa kuchongea ukiwa umefungwa, kaye mbili tupu. Maharage na mawe mtayapata popote. Kaye zilizojaa usibebe zote. Kila mwisho wa mwezi kata ukurasa mmoja wa kila mtoto, andika tarehe, weka kwenye bahasha pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa na bulletin (ripoti ya shule) ya mwisho kama ipo. Mtoto huyu siku moja ataingia kalasi, na mtihani wa mwisho wa darasa la sita, ENAFEP, utamkuta kwa Kifaransa. Shule itataka kujua imuweke wapi.

Juu ya bahasha hiyo bandika karatasi moja: silabi alizoshika, namba anayofika bila vijiti, mkono anaoandikia, dakika zake. Mwalimu wa kambini au wa mji mwingine akiisoma, hatamrudisha mtoto kwenye a-e-i-o-u kwa mara ya nne.